Kikombe Namba Sitini na Moja

Small Heath, Birmingham
3 Mei 2024

Shemeji Haroun,

Mimi mzima. Kama wewe si mzima basi jilaumu mwenyewe, nani alikutuma ukazeeke kwenye barafu ya Michigan. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa masikio yako yamekufa na simu kwako ni pambo la mfukoni.

Kaa kitako. Unayemsoma sasa ni fundi wa ndege. Tangu dada yangu, Mungu amrehemu, akuoe (maana wewe hukuoa, uliolewa, harusi nzima walijua) hujawahi kuniamini hata siku moja. Hili uliza Birmingham yote.

Huku Digbeth, nyuma ya stesheni ya mabasi, kuna ghala la zamani wamelifanya ukumbi wa maonyesho. Humo tunaifufua ndege ya vita vya Hitla. Injini haina, wala haikuzaliwa nayo. Inaitwa glaida. Ni mbao, plaiwudi, turubai na mabomba membamba ya chuma, basi. Ndege nyingine inaikokota angani kwa kamba, halafu kamba inaachiwa, nayo inashuka kimya kimya na askari kumi na tatu tumboni. Hii yetu mkulima mmoja alikuwa anafugia kuku. Nimeokota mayai mawili mle ndani, moja zima kabisa, nimelikaanga.

Sasa sikia utamu wake. Haikutengenezwa na watu wa ndege. Watu wa ndege Amerika walikuwa wamezidiwa, serikali ikawapa kazi watengeneza makabati, watengeneza piano, watengeneza mafriji. Maseremala wenzangu, shemeji. Ndiyo maana bosi wetu Tarlochan aliponiona tu kasema huyu ndiye. Tarlochan ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili chake cha Kenya anakitema kama mtu aliyeungua ulimi, lakini injini za treni anazijua zote. Tuko kumi na wawili tunajitolea, na mkaguzi ni mimi. Kila kipande nikikipitisha nakifunga kadi ya kijani yenye jina langu. Bila kadi ya Makungu haupigwi hata msumari.

Na unajua ninavyokagua. Nagonga kwa kifundo cha kidole, naweka sikio. Mbao mgonjwa anakohoa, mbao mzima anaimba. Sijakosea toka nina miaka kumi na sita.

Kila bawa lina mguu unaolishika, na mguu umekaa ndani ya kikombe cha chuma. Kikombe cha kulia kimepigwa muhuri 44, cha kushoto 61. Na ndani ya bawa kuna jina la kiwanda na jina la mji. Mji wako, Haroun. Hebu uliza wazee wa huko kama kuna aliyebaki, umwambie kazi yao imeangukia mikono salama.

Ni mimi,
Makungu, Injinia Mkuu wa Mabawa


Michigan
17 Mei 2024

Injinia,

Nimecheka mpaka kwenye mayai. Baadaye nikaacha kucheka, nitakwambia kwa nini.

Unajua mimi bado napiga deki kwenye ile nyumba ya wazee. Chumba cha mwisho yuko Mama Hendrika, kizazi cha Waholanzi, Februari katimiza miaka mia. Akisema karibu na uso wangu namsikia. Nilimtajia jina la kiwanda, akasema alifanya kazi pale akiwa msichana. Nikamtajia mihuri. Nilipofika sitini na moja akaniomba nifunge mlango.

Sitini na moja ni yeye.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kiwanda kilikuwa cha vitanda na makabati, vita vikaja wakapewa kutengeneza mabawa. Vile vikombe vya chuma vililetwa kutoka karakana ndogo ng'ambo ya mto, na kazi yake ilikuwa kupima unene wa ukuta wa kikombe, halafu kupiga muhuri wenye namba yake. Meza zilikuwa sita na kalipa, vile vifaa vya kupimia unene, mbili. Msimamizi akawaambia wasichana: zamu yako ya kalipa ikiwa bado, angalia kwa jicho, piga muhuri, vita havisubiri. Akapiga.

Mwaka ule ule glaida moja ilikunja bawa juu ya uwanja wa mazoezi. Wakafa askari tisa. Wakaja wapelelezi, wakasema kulikuwa na kikombe chembamba. Namba ya muhuri hawakuwatajia. Walikichukua wakaondoka nacho, na kesho yake kazi ikaendelea.

Miaka themanini na moja hajui kama kilikuwa chake. Hajamwambia mumewe, hajawaambia watoto, kaniambia mimi mwenye ndoo.

Anasema vikombe alivyopiga muhuri ni maelfu, hataki vyote. Anataka kimoja tu. Kipimwe na mtu mkweli, kikiwa sawa atajua kwamba mkono wake uliwahi kusema kweli. Sasa shemeji, nakuomba kwa heshima ya marehemu. Usigonge. Pima.

Haroun


Small Heath
28 Mei 2024

Haroun,

Umenitukana nimekusamehe. Usigonge, pima, kama vile unamwambia mpwa wako.

Nimepima. Na siyo kwa kitu cha dukani. Tarlochan ana kalipa ya marehemu baba yake aliyekuwa reli ya Nakuru, inakaa kwenye mfuko wa ngozi kama bastola. Hampi mtu. Mimi kanipa. Kanikabidhi mbele ya watu, kanionyesha hivi na hivi, nikamwambia bosi usijisumbue, hizi nimeshika kabla hujafuga ndevu. Ina mistari midogo kama nyayo za sisimizi, lakini mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Nimepima vyote viwili, 44 na 61, mara tatu. Sawa kabisa. Mwambie bibi yako alale.

Tarlochan kaniuliza, "Mzee, umepima?" Nikamjibu nimepima, bosi. Akafunga daftari. Huyo ndiye mtu, haulizi mara mbili.

Mkewe Kulwinder anatuletea chapati za kujaza viazi kila Jumamosi kutoka Great Barr, kwa basi, kwenye mkebe wa chakula wa orofa nne. Alifanya miaka thelathini kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, meza ya ukaguzi. Nikamtania, nikamwambia bhabi, yaani shemeji kwa lugha yao, mkaguzi mwenzangu, njoo uone kazi. Akasema yeye amestaafu kuona.

Kadi za kijani nimezifunga. Mbili.

Makungu, ambaye hahitaji kufundishwa


Michigan
9 Juni 2024

Shemeji,

Nilimsomea barua yako mara tatu, naigeuza Kiingereza palepale. Ile ya tatu alikuwa ameshika mkono wangu. Jioni akaomba nywele zichanwe, akashuka kula na wenzake, jambo ambalo hajafanya toka Krismasi. Manesi wakaniuliza nimempa nini.

Ameomba kitu kimoja. Anataka namba. Ukisema sawa anakuamini, lakini anasema mtu aliyekaa ile meza anakula namba. Ukuta wa sitini na moja umesoma ngapi?

Niandikie haraka. Mia si umri wa kusubiri posta.

Haroun


Small Heath
20 Juni 2024

Haroun,

Namba gani tena. Mtu kaambiwa sawa anataka na risiti.

Haya, mwandikie: nusu inchi. Nusu inchi kamili, chuma kama cha mzinga. Siku zile watu walitengeneza vitu.

Nina kazi nyingi. Tunaipandisha Jumamosi tarehe sita Julai. Itanyanyuliwa kwa minyororo mpaka juu ya dari, ndoano zinakaa kwenye miguu ya mabawa, na chini yake watu watakuwa wanatembea na watoto wao na aiskrimu. Meya anakuja mwezi wa tisa. Nimeshona kofia mpya.

Tarlochan atasimama chini mwenyewe kuongoza. Anasema hawezi kumweka mtu mwingine pale kabla yake.

Makungu


Michigan
30 Juni 2024

Makungu,

Barua hii nimeilipia ya haraka. Isome ukiwa umesimama.

Mama Hendrika alivyosikia nusu inchi alitaka niirudie. Halafu akaomba kalamu, akanichorea kikombe. Tundu lake lina upana fulani na bomba la mguu linaingia humo kwa kubana. Ukuta unatakiwa thumuni ya inchi; ungekuwa nusu inchi, tundu lisingekuwepo. Bomba lisingeingia. Hakuna kikombe cha nusu inchi, hakikutengenezwa kamwe.

Akaniambia, "Huyo mtu hakupima. Ameangalia akapiga muhuri."

Hakulia. Alisema niache yeye, nishughulike na nyinyi. Kama sitini na moja haikupimwa basi arobaini na nne pia haikupimwa, na mnataka kuitundika juu ya vichwa vya watu. Nilimpa mtu wa ofisini namba yako apige. Amepiga mara tatu, kila mara unakata.

Usimwache Tarlochan asimame chini. Sema chochote. Sema wewe mgonjwa, sema umeota ndoto, wewe hukosi la kusema. Mpe mtu mwingine hiyo kalipa.

Haroun


Small Heath
19 Julai 2024

Shemeji,

Barua yako ya haraka imefika Jumatatu tarehe nane. Ile simu kumbe mlikuwa nyinyi. Nasreen, mjukuu wangu, kanikataza kupokea namba za nje, anasema ni matapeli.

Jumamosi tuliipandisha. Ilifika kama mita nne. Mnyororo ukateleza, bawa la kulia likakunja likashuka. Tarlochan alikuwa chini.

Yuko hospitali. Hajaamka. Kulwinder anakaa pale kitandani na ule mkebe wa chakula, haufungui.

Mnyororo uliteleza. Mambo ya minyororo hayo, ya kukodi.

Makungu


Michigan
30 Julai 2024

Makungu,

Mnyororo haukuteleza.

Nimekula na wewe meza moja miaka kumi na tisa. Ukitunga kwa raha zako unaweka mayai, unaweka na kikaango. Barua hii ya mwisho haina hata yai.

Mama Hendrika nimemwambia yote, kwa sababu aliuliza na mimi siwezi kumdanganya. Hakukutukana. Alisema, "Huyo ni mimi." Baadaye akauliza kipi kimepasuka, na kama cha pili kimebaki.

Nikamwambia nitauliza. Akasema kama ni chake kilichobaki, bado anaitaka namba yake. Ila asipime yule yule.

Sasa hivi hainuki kitandani. Fanya haraka, na sema kweli, hata kama ni mara yako ya kwanza.

Haroun


Small Heath
21 Agosti 2024

Haroun,

Tarlochan kafariki Ijumaa ya tarehe mbili. Hakuwahi kufumbua macho.

Kilichopasuka ni cha kulia, 44. Ukuta wake ulikuwa kama ganda la kopo. Niliuona kwa macho yangu pale sakafuni, pembeni ya kilemba chake.

Nakwambia sasa, na karatasi hii usiichane. Kalipa sijui kuisoma. Futi naijua, inchi na thumuni zake nakata kwa msumeno nikiwa naongea na mtu. Lakini kile kitu kina mistari juu ya mistari, unasoma hapa halafu unaongeza na pale. Aliponionyesha alinionyesha haraka, mara moja, kama unavyomwonyesha mjuzi mwenzako ili usimvunjie heshima. Nikatikisa kichwa. Ningesema bosi sijui, angenikalisha kwenye kreti akanifundisha kwa dakika tano. Dakika tano, Haroun. Watu kumi na mmoja walikuwa wananiangalia.

Nikaingia chini ya bawa nikagonga. Vikombe vyote viwili viliimba. Na 44 iliimba vizuri kuliko 61, sauti nyembamba, tamu, nikaisifu kwa sauti wote wasikie. Seremala mimi, chuma nakijulia wapi. Chuma kikiwa chembamba ndiyo kinaimba zaidi.

Wakaguzi wa serikali walikuja nyumbani na ile kadi yangu ya kijani ndani ya mfuko wa plastiki. Nasreen alishanikanya kwa Kizungu chake nisifungue mdomo mpaka apatikane wakili. Yule mwanamke akauliza nilipima kwa kifaa gani. Nikasema sikupima. Nasreen akaweka kichwa juu ya meza. Wameniambia wataniita. Kikombe kilichopasuka wamekichukua, bawa la kushoto wamelikagua wameliacha palepale ghalani, na hawasemi neno mpaka ripoti itoke mwakani.

Nikafikiria barua yako. Mwakani Mama Hendrika hatakuwepo. Mimi namba siwezi kuisoma, na hata ningeweza, nani wa kuniamini. Wale vijana wa ghalani hawataki hata kunisalimia. Mtu mmoja tu niliyemjua anayeisoma ile kalipa, na kalipa yenyewe iko kwake.

Jumapili nilipanda basi mpaka Great Barr kwa Kulwinder. Njia nzima natafuta hadithi ya kumwambia. Nilipata nzuri tatu.

Kafungua mlango mwenyewe. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Viatu vya Tarlochan vya kazi bado viko kwenye ngazi, vina rangi ya kijani ya ndege. Nikasema bhabi, pole. Akaniambia, "Siku ile ile uliyofunga kadi, alikuuliza. Mimi nilikuwa namimina chai. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nimepima."

"Na ulikuwa umepima?"

Zile hadithi tatu sikuona hata moja.

"Hapana, bhabi. Sijui kuisoma. Niliona haya."

Akakaa kwenye ngazi pembeni ya viatu. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mvua inaninyeshea mgongoni, nikaona ni haki yangu. Mwisho akasema, "Angekufundisha. Alikuwa anapenda sana kufundisha."

Na mimi, Haroun, mbele ya mwanamke huyo, nikafungua mdomo nikamwomba. Nikamweleza kuna bibi Amerika wa miaka mia, alikaa meza ya ukaguzi kama wewe, anasubiri namba moja. Nilidhani atanipiga na kiatu. Akauliza, "Aliambiwa apige muhuri kwa jicho?" Nikasema ndiyo, alikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema hata kwao kiwandani waliwahi kuambiwa hivyo, akakataa, wakamhamisha akafagie miezi minane. Halafu akasema Jumanne.

Jana Jumanne alikuja Digbeth amevaa nyeupe ya msiba, mfuko wa ngozi kautia kifuani. Hakunisalimia. Alipiga magoti chini ya lile bawa la kushoto, mwanamke wa miaka sabini, akapangusa kikombe kwa ncha ya mtandio wake. Nilishika taa. Akaniambia nishike vizuri. Akapima sehemu nne, akaandika, akazipima tena kutoka mwanzo, akaandika pembeni. Kila namba aliitaja kwanza kwa sauti, kama alivyozoea kiwandani.

Thumuni ya inchi na unywele. Sehemu zote nne. Sitini na moja ilipimwa, Haroun. Msichana yule siku ile zamu ya kalipa ilikuwa yake, au jicho lake lilikuwa zuri, sijui, lakini ni sawa.

Akatia sahihi, akaweka tarehe. Alirudisha kalipa kwenye mfuko, akaufunga kifungo. Kisha ndiyo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Akasema, "Huyo mama nimemfanyia. Wewe, Mzee Makungu, kwangu usije tena." Akatoka kwenda kituoni. Nilingoja ndani mpaka basi lake lilipopita.

Karatasi imo humu. Usimsomee, mpe ashike mwenyewe. Mwandiko ni wa Kulwinder na namba ni zake, mimi nilishika taa tu. Akikuuliza nani amepima, taja jina hilo. Langu usilitaje.

Makungu